Breki ya Mbele Imeshika

Kyuso,
14 Novemba 2024

Kwa Nduku, mwaitu,

Pokea salamu za babako, ambaye mpaka leo anakuita mwaitu, yaani mama, kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na mama yangu hakuwahi kuninyima jibu.

Huku tumeamka salama. Mvua ilianza vizuri, ikaacha, ikatutia wasiwasi, ikarudi. Ndengu zimeota mstari kwa mstari isipokuwa upande wa jirani, ambako mbuzi wake wanajiona wao ndio wenye shamba. Yule mbuzi wetu mwekundu amezaa mapacha. Kanisani tunajenga choo kipya na mimi ndimi niliyewekwa kusimamia mchanga. Watu wanakuulizia sana. Nawaambia kazi ya ofisi huko Tawa imekubana lakini uko salama.

Usishangae kupata barua tena badala ya simu. Unayajua masikio yangu. Simu naiweka sauti ya juu kabisa, na ukiongea, jirani anaitikia kabla yangu. Hili ninalotaka kukuuliza si la jirani. Nzioka anapitisha lori lake la mbuzi hapo Tawa siku za soko, na amekubali kuendelea kutubebea barua bila kuzisoma. Ameapa.

Jambo lenyewe ni dogo. Pikipiki imeshika breki ya mbele. Gurudumu halizunguki hata ukilisukuma kwa bega. Ni pikipiki ile ile kuukuu niliyoachiwa na watu wa mradi wa maji, unaifahamu kuliko mimi, maana ulianza kuifungua ukiwa darasa la sita nami nikikukataza. Ilishika nikiwa barabarani, nikashuka kwa haraka kidogo. Hakuna zaidi.

Aliyeigusa mwisho ni Muthama, fundi wa hapa stendi. Alibadilisha pedi za breki mwezi wa nane. Basi unaiona kazi yake. Sitaki kumrudishia, na sitaki pia fundi mwingine aifungue aanze kuniuliza maswali. Nieleze kwa maandishi namna ya kuilegeza. Nitafanya mwenyewe ndani ya ghala, mlango ukiwa umefungwa.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi babako,
Jonah Muindi


Tawa,
26 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako imenifikia ikinuka mbuzi wa Nzioka, lakini nilipoona mwandiko wako nilifurahi mpaka mteja wangu akauliza kama nimepata mchumba. Sijapata. Huku ni salama, mahindi yanakua vizuri, na lile jino lililonisumbua Septemba nimeling'oa.

Ofisi yangu nayo haijambo. Haina paa upande mmoja, kiti cha mkubwa ni tairi la trekta, na leo asubuhi mkubwa mwenyewe alilala chali chini ya pikipiki ya mtu akichomoa bolti iliyovunjikia ndani. Mkubwa ni mimi. Nilicheka nilipoisoma hiyo habari ya ofisi, halafu kicheko kikaniishia. Miaka yote hii, baba, bado ni ofisi?

Haya, breki. Kile chuma kinachokumbatia diski ya mbele tunakiita kalipa. Ndani yake mna pistoni mbili, kama vikombe viwili vidogo. Ukibana breki, zinasukumwa nje zinabana pedi kwenye diski. Ukiachilia, raba zinazozizunguka zinazivuta nyuma kidogo, gurudumu linakuwa huru. Zako hazirudi. Tunasema zimeshika.

Fungua bolti mbili zinazoshikilia kalipa, lakini ile paipu ya breki usiitoe. Wengi hukosea hapo. Nguvu ya kuzitoa pistoni utaipata kwa ule mkono wa breki wenyewe. Toa pedi, weka kipande cha mbao katikati, funika kwa tambara, kisha bana breki polepole. Iliyo laini itatangulia. Ikitoka nusu, izuie kwa mbao na uifunge kwa ukanda wa tyubu, ili nguvu yote iende kwa ile kaidi. Ukiiacha ya kwanza itoke kabisa, kila kitu kitamwagika, na ya pili itabaki humo ikikucheka. Weka vidole mbali. Usigonge kwa nyundo. Usiweke moto. Usiikamate kwa plaizi, ukiikwaruza imekwisha. Zikitoka, osha kwa spiriti, wala si petroli wala mafuta ya taa, hizo hazipatani na raba za breki.

Huyo Muthama simjui. Lakini kuna mafundi wanaobadilisha pedi na kuzirudisha pistoni ndani na uchafu wake wote, kwa uvivu tu. Watu wa namna hiyo ndio wanaotupaka matope sisi wengine.

Halafu mambo mawili. "Kushuka kwa haraka kidogo" ndiko kushukaje? Na mama mbona hajaandika? Kila barua yako mama huongeza mstari wake pembeni, ananiuliza kama nakula. Safari hii pembeni ni peupe.

Ni mimi mtoto wako,
Nduku


Kyuso,
21 Desemba 2024

Kwa Nduku, mwaitu,

Salamu za Krismasi. Usinilaumu kwa kuchelewa. Mto ulijaa, Nzioka akalala ng'ambo na mbuzi wake, na barua yako ikalala naye. Ndengu zimeanza kuweka maua. Wale mapacha wa mbuzi, mmoja amekufa, mwingine ni mtundu kama wewe ulivyokuwa. Mchanga wa choo umeisha kabla ya choo, na sasa natazamwa kana kwamba nimeula.

Nilifuata maneno yako yote. Nilifunga mlango wa ghala, nikatandika gunia, nikakaa chini na kalipa mapajani. Pistoni ya kwanza ilitoka kwa adabu. Niliifunga kwa tyubu kama ulivyosema. Ya pili ilikataa. Nilibana breki mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaomba. Nikabana tena. Ilitoka kwa kishindo, ikapiga debe la mbegu, na uchafu wa ndani ukanirukia lile shati jeupe la ibada, ambalo sijui kwa nini nilikuwa nimelivaa. Nilikaa pale muda, nikafurahi peke yangu. Kumbe kazi hii ina raha yake. Hilo usimwambie mtu.

Wazee wenzangu wa kanisa walipokuja kutupa pole niliwaeleza wazi kwamba ni mkono wa Muthama. Walikuwa wameuliza imekuwaje, na mtu akiulizwa hujibu. Nawe umeandika mwenyewe kwamba ni mvivu, basi moyo wangu umetulia. Wenye pikipiki wa hapa sasa wanazipeleka kwa mafundi wa mji wa Mwingi. Muthama alikuja nyumbani siku moja akasimama langoni, mimi nilikuwa nimelala. Jumapili mbili hizi hajaonekana ibadani.

Nimekutumia ile pistoni kaidi uitazame. Raba sikuzituma, si kitu cha kutazama. Wewe nitumie mpya tu.

Kushuka kwangu kulikuwa kushuka. Mama yako ana shughuli nyingi, wakati wa palizi unaujua.

Ni mimi babako,
Jonah Muindi


Tawa,
6 Januari 2025

Baba,

Salamu. Mwaka umeanza, nina afya, kibanda kimeezekwa ule upande uliokuwa wazi. Habari zangu zimekwisha. Sasa nikupe za kwako, kwa sababu nimezipata kwa Nzioka.

Aliniletea barua nikiwa na wateja. Akasema kwa sauti yake ile ya kuita mbuzi, "Nduku, mathe ameendelea aje? Ile plasta walitoa ama bado?"

Nikamwuliza, "Plasta gani?"

"Si ya mkono! Walianguka na mzee hapo kwa geti ya kanisa, watu wakitoka service. Breki ilishika tu hivi, mathe akarushwa kwa ile kokoto ya choo. Kwani hukuambiwa?"

Nilikuwa nimeshika spana. Niliitazama ile spana, nikasema nilijua, nilikuwa nimesahau tu. Nilidanganya mbele ya wateja, baba, kwa haya. Mtoto gani hajui kwamba mkono wa mamake umevunjika? Hizo ndizo shughuli nyingi za mama? Anapalilia kwa mkono gani?

Ningepiga simu siku hiyo hiyo. Lakini nikawaza jirani akisikia nikilia kwenye kipaza sauti chako, nikaacha. Nimemtumia mama dawa ya kuchua, iko na Nzioka.

Pistoni nimeitazama. Nimeiosha, nimeizungusha juani. Haina kutu. Haina hata kidoa. Pistoni zikishika katika pikipiki za zamani huwa ni kutu au matope yaliyokauka, na yako ni safi kama kijiko cha wageni. Hii haikushika yenyewe, imeshikwa na raba. Na raba ya breki haijivimbii hivi hivi. Muthama aliposhika breki mwezi wa nane alibadilisha pedi tu, au alifungua na kile kikopo cha breki cha juu kwenye usukani? Kama ni pedi tu, si yeye. Uchafu ungeanza kusumbua taratibu, usingekamata ghafla namna hiyo.

Nilimwita mvivu bila kumwona. Wewe ukalichukua neno langu ukalala nalo vizuri. Naomba ufikirie kitu kimoja. Fundi wa kando ya barabara hana ubao wala cheti cha kutundika. Ana jina tu. Mimi mwanamke kwenye kazi hii najua jina linavyopatikana kwa shida. Mtu mmoja mwenye heshima akisema vibaya siku moja, umebaki na spana zako.

Tuma raba moja. Hata ikiwa imechanika, tuma.

Nduku


Kyuso,
30 Januari 2025

Nduku,

Salamu. Mama yako ametolewa plasta, mkono unakunjika, dawa ya kuchua imemfaa. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaacha kazi uje. Hiyo ni sababu mojawapo.

Raba nilizitupa. Muthama alifungua kila kitu, nafikiri.

Ndengu tumevuna, si haba. Gunia dogo ni lako, mama yako amelifunga mwenyewe. Tafadhali tuma raba mpya, natembea kwa miguu na mchungaji ameanza kuzoea kuniona nikichelewa. Nzioka anapiga honi.

Babako


Tawa,
11 Februari 2025

Baba,

Natumaini mko salama nyote wawili. Ndengu nimezipokea, nimepika, nimegawia majirani, wote wanawapa shukrani.

Katikati ya gunia nilikuta kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha maua ya zambarau. Kona moja ilikuwa na fundo. Ndani ya fundo ilikuwa raba ya breki. Mama hakuandika hata neno. Alijua umesema umezitupa, akaiokota, akaifunga. Usimgombeze.

Raba hiyo imevimba kama haragwe lililolowekwa. Niliinusa. Oili ya injini hainuki hivyo, wala petroli. Inanuka waridi. Baba, inanuka kama Jumapili ya kuombea wagonjwa. Inanuka ile chupa ndogo unayobeba kwenye mfuko wa koti, unayowapaka nayo kwenye paji la uso.

Niliketi kwenye tairi langu nikakumbuka. Mwezi wa kumi uliniuliza mbona kile kikopo cha breki kimeshuka, kioo chake kinaonyesha nusu. Nami nilikuwa na haraka. Nilikuandikia nyuma ya boksi la pedi: "Ongeza mafuta, yawe safi." Nikampa Nzioka. Basi. Sisi mafundi ukitaja mafuta ukiwa umesimama mbele ya breki, kila mtu anajua ni yapi, yale ya kichupa chake yanayouzwa kwa jina lake dukani. Lakini wewe nyumbani una ya kupikia, ya taa, ya injini, ya kujipaka. Nilisema yawe safi. Ukatafuta yaliyo safi kuliko yote ndani ya nyumba, ukayapata.

Mafuta ya aina hiyo huvimbisha raba za breki. Zikivimba zinaikaba pistoni, haiendi wala hairudi. Ndiyo yaliyotokea. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Mama amevunjika mkono kwa sababu niliandika neno moja nikaacha mwenzake. Nimewafundisha watu wawili kazi hii, na wa tatu, ambaye ni baba yangu, nimemharibia kwa uvivu ule ule niliomsingizia mwingine. Hilo ni langu, nalibeba.

La Muthama ni lako. Na najua kwa nini hukusema. Ungesema ni mafuta, wangeuliza nani alikuambia uyatie. Ungesema ni nani, wangeuliza mtoto wako wa ofisini amejulia wapi breki. Ni hapo, sivyo? Afadhali Muthama akose kazi kuliko kanisa lijue Nduku analala chini ya pikipiki.

Raba mpya ninazo, za kalipa na za kule juu kwenye usukani, na paipu, kwa maana mafuta yale yalipita kote. Ziko hapa mezani. Sizitumi mpaka Muthama arudishiwe jina lake mbele ya watu wale wale walioliondoa.

Nduku


Kyuso,
24 Machi 2025

Kwa Nduku, mwaitu,

Salamu. Sisi tu wazima. Mama yako sasa anachota maji mwenyewe. Mvua bado.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kila nilipoanza kujibu nilijikuta naandika habari za mbuzi, nikachana.

Jana wakati wa ushuhuda nilisimama. Walidhani nitatoa ripoti ya choo. Nilisema, "Breki ya pikipiki yangu haikuharibiwa na Muthama. Niliiharibu mimi. Nilitia mafuta ya upako kwenye kikopo cha breki, nikajua, na nikamwacha yeye alaumiwe." Halafu mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka, akajiziba kwa leso, ikashindikana. Mtu akasema kule nyuma, "Sasa si ilipakwa mafuta ikaanguka, kama watu wengine tu wakiombewa!" Kanisa lote likaangua kicheko. Mchungaji aliomba utulivu huku mabega yake yakitikisika. Mimi nilisimama tu pale na koti langu, na ile chupa mfukoni, naisikia uzito.

Miezi yote hii nilikuwa naogopa kicheko hicho, na kilipokuja hakikudumu hata muda wa wimbo mmoja. Kilichonichoma ni kwamba Muthama hakuwepo. Nilikuwa nimetubu mbele ya watu wote isipokuwa mwenyewe.

Tulitoka na mama yako tukatembea mpaka kwake. Alikuwa mbele ya kibanda ananoa majembe ya watu. Hapakuwa na pikipiki hata moja. Nilimwambia nimekuja kusema kwa mdomo wangu. Hakuinua macho. Akasema, "Mzee, nimesikia, watu wamepita hapa wakicheka. Sawa. Lakini wateja wangu ni vijana wa boda, hao hawaendi kanisa. Umesafisha kwa Mungu, bado kwa stage."

Basi nikaenda stendi, nikasema tena. Wale vijana hawana huruma. "Mzee, uliweka mafuta ya maombi kwa breki? Wueh! Na ikakubali?" Walinizunguka. Niliwaeleza kila kitu, namna raba inavyovimba, namna ya kuitoa pistoni kaidi kwa kuizuia ile laini. Walisogea, wakasikiliza. Nikasikia raha kidogo, na ndiyo iliyoniponza. Mmoja akauliza, "Na nani aligundua, kwa kunusa raba tu?"

Nikasema, "Ni fundi mmoja wa Tawa."

Akasema, "Huyo jamaa ni moto."

Mama yako alikuwa ubavuni pangu. Alinitazama. Nilifungua mdomo niongeze neno, neno likakataa, nikaufunga. Walidhani wewe ni mwanamume, wakakuita jamaa, na mimi nikawaacha wakuite jamaa. Nilikuwa nimekwisha kuaibika mara mbili siku hiyo, na nikaona ya tatu ni nyingi. Njiani mama yako alitangulia, mimi nikafuata. Nimeliandika hili kwa sababu amesema nisipoliandika mimi ataliandika yeye, na mkono wake umepona.

Pikipiki mbili zimerudi kwa Muthama leo. Nimeziona kwa macho.

Sijui niseme nini tena. Zile raba bado ziko kwako?

Babako,
Jonah Muindi


Tawa,
5 Aprili 2025

Baba,

Salamu kwako na kwa mama. Huku mvua imenyesha jana, naomba iwafikie.

Raba ziko katika furushi hili, zote, na paipu, na kichupa cha mafuta ya breki chenye jina lake. Usizifunge mwenyewe wala usirudi ghalani. Sukuma pikipiki mpaka kwa Muthama mchana, watu wakiona. Aoshe kila kitu kwa spiriti, mpaka kule juu, maana yale ya zamani yakibaki hata kidogo yataharibu na hizi. Azilowanishe raba kwa mafuta ya kichupa hicho kabla hajazisukuma ndani, na atoe hewa yote. Kazi yake anaijua, lakini mpe maneno yangu. Mwambie pia kwamba kuna mtu aliyemwita mvivu bila kumwona, na mtu huyo anamwomba radhi. Atakuuliza ni nani.

Nilipofika mahali pa kwaya nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilijivunia wewe, baba, kusimama pale, na kwenda kwa Muthama, na kwenda stendi. Nilimsomea hata mteja aliyekuwa anangoja tairi lake. Halafu nikafika mwisho, nikasoma kimoyomoyo, akaniuliza mbona nimeacha kusoma. Nikamwambia iliyobaki ni salamu.

Sina hasira. Naona aibu tu, na sijui kama ni yako au ni yangu.

Ni mimi,
Fundi mmoja wa Tawa